Mwaka wa Neno Iko

Chef Ramazani alizikwa Alhamisi kabla ya adhuhuri, kwa ile haraka ya Waislamu ambayo sisi Wakatoliki wa Kisangani hatujaizoea hata baada ya kuishi nao ukuta kwa ukuta miaka yote. Habari zilinifikia nikiwa na mswaki mdomoni. Nilipofika nyumbani kwake Kabondo, wanaume walikuwa wamekwisha kuubeba mwili kwenda makaburini, nami nikaelekezwa uani kwa wanawake, nikapewa kisu na rundo la vitunguu. Nilivishukuru vile vitunguu. Mwanamke wa umri wangu akilia huulizwa maswali, lakini akikata vitunguu huachwa kwa amani. Ramazani alikuwa mwalimu wangu, kisha mkubwa wangu wa kazi, chef kama tunavyosema huku, na baada ya kuniachia darasa lake akawa mtu wa kunipigia simu kila Jumapili kuuliza kama wanafunzi wa siku hizi wanajua walau kushika bisibisi. Nilimpenda. Nalisema wazi hapa, kwa sababu mambo nitakayosimulia yanaweza kumfanya msomaji afikiri vingine.

Wanaume waliporudi na tope la makaburini kwenye viatu, nilimwona Bosco kati yao. Siku hizi Bosco ni mfanyabiashara mkubwa wa bati na saruji, mwenye kitambi na kofia, na mizigo yake hushuka na mto hadi Yanonge na Basoko. Zamani tulikuwa darasa moja, na kati yetu sote yeye ndiye aliyekuwa na akili. Kumwona pale kulinishtua kuliko kifo chenyewe, maana mzee alikuwa ameugua muda mrefu na kifo tulikuwa tukikitarajia. Bosco hakutarajiwa na mtu. Chef Ramazani ndiye aliyemzuia kuwa mhandisi.

Wakati wa kula tulijikuta meza moja ya plastiki, mimi, Bosco, na Patience, ambaye sasa ndiye mkuu wa idara yetu ya uhandisi wa anga. Nilimfundisha mimi mwenyewe, na bado ananiita Prof hata tukiwa tunakula kwa mikono. Patience hawezi kukaa na jambo kichwani. Alivumilia mpaka sahani ya wali ilipofika, kisha akasema, “Prof, excusez, najua leo iko matanga. Mais wiki inakuya tunatuma programme mupya. Mwanafunzi ya aviation, mbele apate diplôme, lazima ajue nini? Nyinyi bawili muko kati ya ba kwanza ya hii école.” Kabla sijameza, majirani wa meza ya pili walikuwa wamekwisha kumjibu. Mmoja akasema kompyuta. Mwingine akasema Kiingereza, maana vitabu vyote vya ndege ni vya Kiingereza. Kijana mmoja alisimama kabisa kuzungumzia droni na satelaiti, na mzee mmoja rafiki wa marehemu akasema heshima, kama wazee wanavyosema kwenye kila matanga. Bosco alikuwa akitoa miba ya samaki na kuipanga ukingoni mwa sahani. Simu ya Patience ikalia, akainuka kwenda kuipokea karibu na lango, na mimi nikabaki nikiiangalia mikono ile ikipanga miba, na mwaka wetu wa mwisho wa masomo ukanirudia wote.

Mwaka ule mimi na Bosco tulipanga kwa Mama Anto, Mangobo. Mama Anto alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, aliyeuza maharagwe na vitunguu kwa jumla na kukodisha vyumba vya nyuma kwa wanafunzi, wasichana upande huu, wavulana upande ule, na yeye mwenyewe katikati kama polisi wa mpaka. Sebule yake ilikuwa na kabati la sahani za maua ambazo hazikuwahi kutiwa chakula, na meza ndefu yenye kitambaa cha plastiki chenye picha za zabibu. Meza ile ndiyo iliyokuwa chuo chetu hasa. Tulikula maharagwe, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa ghalani, tukala na lituma, ndizi zile zilizochemshwa na kutwangwa ambazo mtu wa Kisangani akizikosa wiki moja huanza kujiona mgonjwa. Jumapili kulikuwa na samaki. Bosco alileta madaftari mezani, na Mama Anto akayasukuma pembeni kwa mwiko bila kutazama yameandikwa nini. Basi Bosco alichovya kidole kwenye mchuzi, akachora bawa la ndege juu ya zabibu, na kunionyesha hewa inavyogawanyika mbele, inavyokimbia zaidi juu kuliko chini, na namna kukimbia huko kunavyolivuta bawa kwenda juu. Niliwahi kuelewa jambo lile darasani, lakini nililiamini pale kwenye mchuzi.

Habari kubwa ya mwaka ule ilikuwa nafasi ya Bosco ya kwenda kuendelea na masomo Ulaya. Barua ya kukubaliwa ilikuwa imekwisha kufika. Kilichobaki kilikuwa kumaliza mwaka na kutuma faili kamili, pamoja na karatasi ya mafunzo ya kazi, ile tunayoiita stage, ikiwa na sahihi ya Chef Ramazani. Hakuna mtu wa chuo chetu aliyewahi kupata nafasi kama ile. Mtaa mzima ulijua, na Mama Anto alikuwa amekwisha kumbadilisha jina. “Muzungu ya Mangobo,” alikuwa akimwambia, akimwongezea sombe, majani ya muhogo, bila kuulizwa, “kula, kula. Kule batakupatia majani ya sungura, bila mafuta, bila chumvi, na utasema merci.” Bosco alicheka na kula. Alikuwa mtu mpole, hodari bila majivuno, na kama alikuwa na kosa ni kwamba alikuwa hajawahi kukosa, kwa hiyo hakujua kosa linaonekana namna gani likiwa njiani.

Chuo chetu kilifundisha ndege bila ndege. Tulikuwa na bawa moja lililowekwa juu ya vigogo, na injini kuukuu iliyokatwa katikati kwa msumeno ili tuone tumbo lake. Vingine vyote vilikuwa ubaoni. Na ubaoni, nikiri, Chef Ramazani hakuwa na mfano. Alikuwa Mmaniema mrefu aliyesoma nje na kurudi wakati wenzake walikuwa wakitafuta njia ya kuondoka, akavaa koti jeupe ambalo mkewe alilifua kila siku, na chaki ikawa haimwangukii. Alitufundisha nguvu, joto, metali, uzito na mahali pa kuuweka ndani ya ndege. Alitufundisha kila kitu kinachoweza kuandikwa ubaoni. Tulitoka kwenye masomo yake tukiwa na vichwa vizito na furaha, na hatukuwahi kujiuliza kama kuna kitu kisichoandikika.

Stage tuliifanya kiwanjani, kwenye banda la shirika dogo lenye ndege moja ya injini moja, mabawa juu, iliyokuwa ikipeleka watu na dawa Opala na kwingineko ambako barabara ilikuwa hadithi tu. Chef Ramazani ndiye aliyekuwa akisimamia matengenezo yake, na ndege haikuruka bila neno lake. Sisi tulishika taa, tulipangusa mafuta, tulipima. Kila tangi la petroli lilikuwa ndani ya bawa, mdomo wake juu, na kila tangi lilikuwa na kizibo chake, bouchon, kama cha chupa kubwa, cha kuzungushwa na kufungwa. Kazi ya kupanda ngazi, kufungua kizibo na kutumbukiza fimbo ya kupimia petroli ilikuwa ya Bosco, kwa sababu alikuwa mrefu na hakuogopa kuangalia chini.

Kisha kizibo kimoja kikapotea. Mwenzetu mmoja alikiweka juu ya bawa, kikabingirika, kikaanguka kwenye nyasi, na nyasi za kiwanja kile baada ya mvua zilikuwa zinaweza kuficha mbuzi. Tulitafuta kwa magoti. Ndege ikalala chini wiki nzima kusubiri kizibo kingine kutoka Goma, na watu wa Opala walikuja kila asubuhi na mizigo yao na kurudi nayo. Kizibo kipya kilipofika, Chef alikiinua mbele ya macho ya kila mmoja wetu na kusema, “Bon. Mutu atapoteza hii ingine, atarudia mwaka.” Alikuwa akitania, nusu yake. Kuanzia siku ile swali la kwanza la asubuhi likawa, “Bouchon iko?” Nasi tukajibu kwa pamoja, “Iko!” Likageuka mchezo. Tuliulizana barabarani, tuliulizana kwenye baiskeli za toleka, zile za kubeba abiria, tukienda kiwanjani, na Mama Anto mwenyewe aliingia katika mchezo bila kujua maana yake, akishika sufuria na kuuliza, “Bouchon iko wapi?” akimaanisha kifuniko, na Bosco akimjibu kutoka chumbani, “Iko, Mama!”

Hapa lazima niseme neno kwa msomaji wa mbali. Kiswahili chetu cha Kisangani kimelibebesha neno hili mizigo mingi. Iko: kipo hapa. Iko: ni kizima. Iko: kuna mtu. Iko: hakijapotea. Wenzetu wa pwani wana kipo, kiko na kimo, kila moja na kazi yake, na siku nyingine nimefikiri kwamba kimo peke yake kingetuokoa. Lakini sisi tuna iko, na tunaelewana nalo vizuri sokoni, kanisani na nyumbani. Kwenye ngazi ya ndege hatukuelewana.

Asubuhi yenyewe haikuwa na alama yoyote. Ukungu wa mtoni ulikuwa umekwisha kuinuka. Abiria walikuwa nesi aliyekuwa akirudi Opala na maboksi ya dawa, mwalimu mmoja, na mama mwenye mtoto mgongoni ambaye alikuwa akimwimbia ili asiogope kelele za injini. Mimi nilikuwa chini ya bawa nikichukua petroli kidogo kwenye chupa ya kioo, kuangalia kama imeingia maji. Bosco alikuwa juu kwenye bawa la kushoto na fimbo yake. Nesi akaita kwamba boksi moja linamshinda. Bosco akashuka kumsaidia, na kwa kuwa alikuwa mwangalifu, na kwa kuwa hakutaka kizibo kibingirike tena kwenye nyasi, alikitia mfukoni. Walipomaliza kupakia, mtu akaiondoa ngazi. Chef akasimama mbele ya pua ya ndege na kuanza kuuliza, kama kila siku. Mafuta ya injini? Iko. Maji katika petroli? Hapo nilijibu mimi, “Hakuna, Chef.” Kizibo cha kulia? Iko. Kizibo cha kushoto?

“Iko,” Bosco akasema, na akapapasa mfuko wake.

Nililiona lile papaso na sikulielewa. Chef pia aliliona. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuinuka kumpa rubani ishara ya kuwasha. Ukabaki hewani, ukashuka. Akaomba ngazi, akapanda na koti lake jeupe, akasimama juu akiangalia bawa kwa muda ambao kwetu ulikuwa mrefu sana. Kisha akashuka polepole. Hakupaza sauti. “Bosco,” akasema, “bouchon ya gauche, iko fasi gani?” Fasi ni mahali. Na Bosco, maskini, akakitoa kizibo mfukoni, akakipangusa kwenye suruali, akamnyooshea kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukishika kiwiko kwa heshima. Alikuwa akitabasamu. “Iko, Chef. Haikupotea.”

Sina hakika kama baada ya Chef ni rubani au ni mimi niliyekuwa wa kwanza kuelewa. Yule mama aliendelea kuimba. Bosco aliangalia nyuso zetu moja moja, na mwisho akaangalia bawa, na nikamwona akifanya hesabu. Hakuna aliyeijua hesabu ile kuliko yeye. Hewa inayokimbia juu ya bawa huvuta, na tundu lililo wazi juu ya bawa litavutwa kilichomo, na petroli ingetoka kama ukungu nyuma yao, bila kelele, bila dalili, mpaka mahali fulani juu ya msitu kati yetu na Opala. Ilikuwa ni ile picha ya mchuzi. Uso wake ukawa wa rangi ya majivu. Chef alichukua kizibo, akapanda tena, akakifunga mwenyewe, akaweka mkono wake juu, akashuka, akampa rubani ishara. Ndege ikaenda, ikarudi mchana na mikungu ya ndizi, na wote waliokuwemo walifika salama. Nadhani abiria hawakujua kamwe.

Tulidhani yameisha. Kwa kweli siku mbili tatu tulifikiri Bosco atakemewa, ataosha ndege, atafanywa mfano kwetu, basi. Kisha nikatumwa kuchukua chaki kwa katibu, na ofisi ya katibu ilitenganishwa na ya mkurugenzi wa chuo kwa ubao wa plywood ambao haukuzuia hata kikohozi. Nilisimama na boksi la chaki kifuani. Mkurugenzi alikuwa akibembeleza. “Ramazani, ndege haikuanguka. Huyu mutoto iko mwangaza ya école yetu. Unamukatalia signature, bourse inaenda kwa mutu ya muji ingine. Ni hivyo unataka?” Ikaja sauti ya Chef, ya chini. “Hapana, sitake. Itamukamata miezi ngapi, sijue, lakini arudilie stage, na miye nitaweka signature kwa furaha.” Mkurugenzi akasema bourse, ule ufadhili wa masomo, haitasubiri. Chef akasema anajua. “Alors, alikudanganya?” mkurugenzi akauliza, akianza kukasirika. “Mutu ya bongo unamufukuza, ni sawa. Huyu alikudanganya?” Na Chef akajibu neno ambalo nimelibeba mpaka leo. “Hapana. Hakudanganya. Njo kitu inaniogopesha. Mutu ya bongo, nitamujua siku moja. Yeye alisema kweli, na batu ya Opala bangekufa.”

Bongo, kwetu, ni uongo, na njo ni ndiyo. Niliweka chaki chini na kuingia bila kubisha, jambo ambalo sikuwahi kulifanya na sijalirudia. Nikamwomba. Nililia, nikamwambia Chef kwamba Bosco hali tena, kwamba anakaa chumbani na mlango wazi kama mtu aliyefiwa. Nikamwambia hakuna hata mmoja wetu ambaye asingejibu vilevile. Chef aliniangalia kwa macho mekundu, na nikaona kwamba hata yeye hakuwa amelala. “Najua, Vero,” akasema. “Njo maana siwezi.” Mkurugenzi akanionyesha mlango.

Faili halikutumwa. Nafasi ya Bosco ilikwenda kwa kijana wa mji mwingine, ambaye sikumbuki hata jina lake, na ambaye hana kosa. Nilimchukia Chef Ramazani majuma kadhaa kwa chuki safi ya ujana, kisha mitihani ikaja na sikuwa na nafasi ya kuchukia. Kwa Mama Anto hakuna aliyetaja tena kizibo cha kitu chochote. Yeye, ambaye hakuelewa nini kilichotokea kiwanjani, alielewa kilichotokea mezani, akaacha kumwita Mzungu, na Jumapili moja baada ya mitihani alimwekea Bosco kichwa cha samaki, ambacho kwa kawaida kilikuwa chake mwenyewe. Bosco alikila chote kwa adabu. Akasema, “Aksanti, Mama. Kesho niko naenda sokoni na weye, nibebe magunia.” Mama Anto alidhani ni msaada wa siku moja. Bosco hakurudi chuoni. Chef alimtumia ujumbe mara nyingi, aje arudie stage, mlango uko wazi. Hakuja. Alikuwa amefaulu masomo yote ya ubaoni, ya kwanza hadi ya mwisho, na akaondoka bila karatasi.

Tangu siku ile, bandani, neno iko lilipigwa marufuku. Mwanafunzi aliyelisema alishuka na kupanda ngazi upya. Nilipochukua darasa la Chef nikairithi marufuku ile kama mtu anavyorithi saa ya baba, na niliishika kwa ukali kuliko yeye. Kila mwaka nimewasimulia wanafunzi kisa cha kizibo, bila kumtaja Bosco. Nilijua basi ningemjibu nini Patience. Ningemwambia: kabla ya kumaliza, ajue kusema alichokiona kwa macho yake, na kusema “sikuangalia” kama hakuangalia. Hesabu atazikuta vitabuni. Nilikuwa nimeridhika na jibu langu, na nilikuwa nikimsubiri arudi kutoka langoni.

“Alikuyaka kwangu mara moja,” Bosco akasema ghafla. Nilishtuka, maana hakuwa amefungua mdomo tangu tuketi. “Chef. Kwa magasin. Alitaka bati ya hii nyumba.” Akaonyesha kwa kidole paa lililokuwa juu ya wanawake wa uani. “Alipapasa bati moja moja, alitafuta tundu. Mi nilimuangalia. Tuliongea bati tu. Akalipa, akasema aksanti Bosco, akaenda.” Nikamwuliza kama alikuwa amemsamehe. Akafikiri, na nilipenda kwamba alifikiri. “Alikuwa na haki,” akasema. “Nilijua siku ileile. Kama ningekuwa Chef, mi pia singeweka signature. Mais Vero, ile mwaka yote, alitufundisha ile kitu siku gani?”

Nikatafuta. Nilipita kwenye ubao wote wa mwaka ule, nguvu, joto, metali, uzito, nikapita bandani, nikamsikia Chef akiuliza na sisi tukiitikia kama watoto wa katekisimu, na yeye akiridhika. Alikuwa akiridhika. Asubuhi zote zile iko lilikuwa jibu sahihi.

“Umeona,” Bosco akasema. “Alinifundisha siku alinifukuza.” Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anavyoweza kumwambia mteja kwamba saruji imeisha. “Na weye? Banasema uko mukali kumupita. Mwaka hii umekatalia nani?”

Nikamwambia. Kuna binti mmoja, Merveille, mzuri wa hesabu, anayevuka mto kila asubuhi kwa pirogue, yaani mtumbwi, kutoka Lubunga. Nilimwuliza kama ameibana nati ya gurudumu kwa kipimo chake, akanijibu “C'est bon, Prof,” na nati ilikuwa imeingizwa kwa vidole tu, ikimsubiri mwenzake alete spana ya kupimia. Hakudanganya. Kwake c'est bon ilikuwa na maana kwamba kazi inaendelea vizuri. Nilikataa kusaini stage yake, na nikaona fahari kidogo, nikasema moyoni Chef angenipongeza. Nilipokuwa nikimsimulia Bosco, nilianza kusikia ninachokisema. Tulikuwa tumekataza neno, tukadhani tumefundisha. Kosa lilikuwa limehamia nyumba ya jirani.

“Ulimufundisha mbele ya kumukatalia?”

“Ninawasimulia kila mwaka,” nikasema. “Kisa chako. Wote wanakijua.”

“Siku gani?”

Nilijaribu kunywa maji, lakini gilasi ilikuwa tupu. “Kwenye hotuba,” nikasema. “Siku ya kutoa diploma.”

Bosco akacheka. Alicheka mpaka kofia ikamshuka, mpaka wanaume wa meza ya pili wakageuka kutazama nani anacheka nyumbani kwa maiti, na mimi nilitamani ardhi inimeze, na wakati huohuo kicheko chake kilinipa nafuu ambayo vitunguu havikunipa. Alipomaliza alijifuta macho kwa kiganja. Akauliza baraza la kuamua matokeo linakaa lini. Nikamwambia Jumatatu. Patience alikuwa anarudi kutoka langoni, akitia simu mkobani na kutoa kalamu, tayari kuandika jibu letu.

Bosco akachukua kipande cha samaki kilichobaki, akakisafisha miba yote, akakiweka kwenye sahani yangu.

“Leo iko Alhamisi,” akasema. “Kula mbio, upate pirogue ya Lubunga.”